Jiwe la Sikio la Samaki na Swali la Bahari ya Kale

Mwalimu wa shule ya msingi mjini Tabora hana bahari ya kuwaonyesha wanafunzi wake. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo kwa miguu ilichukua miezi mitatu au zaidi kufika Unyanyembe, na kutoka hapo hadi Ujiji kulikuwa na safari nyingine ndefu. Hata hivyo watoto wa Tabora huuliza habari za bahari, na mara nyingi maswali yao huanzia kwenye kitu wanachokijua vema nyumbani, yaani samaki. Makala haya yamekusudiwa kumwonyesha mwalimu mtarajiwa jinsi kitu kidogo kilichomo kichwani mwa samaki kinavyoweza kumsaidia kuyajibu maswali hayo kwa ushahidi badala ya kubahatisha.

Swali lililonishinda

Katika miaka ya mwanzo ya kazi yangu, kabla sijaja kufundisha chuoni, nilikuwa na darasa la tano. Siku moja tulipokuwa tukizungumza juu ya maziwa ya nchi yetu, mtoto mmoja aliuliza: "Mwalimu, ni kweli kwamba Ziwa Tanganyika lilikuwa bahari?" Nilimjibu mara moja kwamba ni kweli. Nikamtajia na sababu zangu: maji ya chumvi ya chemchemi za Uvinza, konokono wa ziwani wanaofanana na wa baharini, na dagaa wa Kigoma, ambao jamaa zao wengi huishi baharini. Watoto wote wakaandika. Somo lilipokwisha yule mtoto akanifuata, akauliza tena: "Lakini, mwalimu, umejuaje?" Nilimwambia kwamba mambo hayo yanajulikana, nikachukua chaki zangu nikaondoka.

Baadaye nilipopata nafasi ya kusoma zaidi, niligundua kwamba jibu langu la kwanza lilikuwa kosa. Jibu la pili lilikuwa kosa kubwa zaidi, kwa sababu lilimfundisha mtoto kwamba swali lake halikuwa na maana. Nasimulia haya kwa kuwa nimeyasikia tena, karibu kwa maneno yale yale, kwa wanachuo walio katika mazoezi ya kufundisha.

Makombe yaliyowapotosha wataalamu

Kosa hilo si geni, wala halikuanza na walimu. Mnamo Novemba 1857 Waingereza Richard Burton na John Hanning Speke walifika Kazeh, mahali palipo Tabora ya leo, wakiifuata njia ya misafara iliyokuwa ikitumiwa na Wanyamwezi na wafanyabiashara wa pwani. Februari 1858 wakafika Ujiji. Speke alikusanya makombe ya konokono na ya chaza katika ziwa akayapeleka Uingereza, na mwaka 1859 S. P. Woodward akayaeleza kwa maandishi. Konokono mmoja alifanana na wa baharini hata akapewa jina la kukumbusha konokono wa bahari. Mwaka 1883 Mjerumani Richard Böhm akaona jambo la ajabu zaidi, nalo ni yavuyavu, kile kiumbe laini kama utelezi ambacho wavuvi wa pwani wanakijua, akielea katika maji baridi ya Ziwa Tanganyika.

Mwingereza J. E. S. Moore alilichunguza ziwa hilo katika safari mbili, na mwaka 1903 akatoa kitabu juu yake. Maoni yake yalikuwa kwamba viumbe hao ni masalio ya bahari ya zama za Jurasi iliyofika katikati ya Afrika na kunaswa humo. Hoja ilivutia, lakini haikudumu. William Cunnington alifika ziwani mwaka 1904 na 1905 kulichunguza jambo hilo, na mwaka 1920 akaandika kwamba ushahidi hauelekei baharini. Yavuyavu wa aina hiyo walikuwa wameonekana pia katika Ziwa Victoria na Mto Niger. Konokono wenyewe, walipochunguzwa viungo vya ndani, walionekana kuwa jamaa wa konokono wa maji baridi wa Afrika. Makombe yao ni mazito kwa sababu ndani ya ziwa wamo kaa wenye magando yenye nguvu; konokono mwenye kombe jembamba huvunjwa akaliwa, na mwenye kombe nene husalia akazaa. Aidha, bonde la ziwa lilifanywa na kupasuka na kudidimia kwa ardhi katika Bonde la Ufa, na umri wake hukadiriwa kuwa kati ya miaka milioni 9 na 12. Zama za Jurasi zilikwisha miaka ipatayo milioni 145 iliyopita. Ziwa haliwezi kuwa salio la bahari iliyotoweka kabla bonde lake halijakuwako.

Basi Moore alikosea wapi? Aliona mfano wa sura, akaufanya kuwa ushahidi wa asili. Mtu wa Tabora anaweza kulielewa kosa hili upesi kuliko wengi. Misafara ya zamani ilileta Unyanyembe shanga, nguo, nyaya za shaba na simbi kutoka pwani. Mtoto akichimbua simbi leo katika uwanja wa nyumba ya kale, je, atasema kwamba bahari ilifika Tabora? Simbi ni kitu cha bahari kwa hakika, lakini ilikuja juu ya kichwa cha mpagazi. Kwa hiyo hatuna budi kuuliza maswali mawili mbalimbali: kitu hiki ni cha namna gani, na kiliishi wapi? La kwanza hujibiwa kwa kuangalia umbo. La pili lahitaji kumbukumbu iliyoandikwa na kiumbe mwenyewe wakati wa uhai wake. Samaki anayo kumbukumbu ya namna hiyo ndani ya sikio lake.

Jiwe la sikio ni nini?

Samaki hana masikio ya nje, lakini ana masikio ya ndani, moja kila upande wa kichwa, nyuma ya macho na chini ya ubongo. Samaki wenye mifupa, kama sato, migebuka na changu, wana mawe matatu madogo meupe katika kila sikio. Kwa kawaida moja kati ya hayo ni kubwa kuliko mengine. Wengi wetu tumewahi kuling'ata tulipokuwa tukila kichwa cha samaki, tukalitema tukidhani ni kipande cha mfupa.

Watu huliita mfupa wa sikio, lakini si mfupa. Ni jiwe la chokaa, ya aina iitwayo aragonaiti, lililochanganyika na protini kidogo. Kazi yake ni kumsaidia samaki kusikia na kujua juu na chini. Sauti inapopita majini mwili wa samaki hutikisika pamoja na maji, lakini jiwe, kwa kuwa ni zito zaidi, huchelewa kidogo. Kuchelewa huko huvipinda vinyweleo vya hisia vilivyo chini yake, na samaki hupata habari.

Tofauti kati ya jiwe hilo na mfupa ni ya maana sana. Samaki akiwa na njaa, mwili wake waweza kuchukua tena sehemu ya madini yaliyomo katika mifupa na magamba. Jiwe la sikio kwa kawaida haliguswi. Hukua kwa kuongezewa tabaka moja juu ya jingine tangu samaki angali mdogo sana hadi siku ya kufa, na tabaka lililokwisha kuwekwa hubaki kama lilivyowekwa.

Mambo matatu tunayosoma katika jiwe

Jambo la kwanza ni aina ya samaki. Kila aina ina jiwe la umbo lake: lingine la mviringo, lingine refu, lingine lenye meno pembeni. Samaki anapokufa nyama huoza na mifupa hutawanyika, lakini jiwe huweza kuzama katika tope na kuhifadhiwa. Mawe ya namna hiyo ni visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale, na katika udongo wa mfinyanzi uliokuwa sakafu ya bahari huweza kupatikana kwa wingi hata pale ambapo hakuna mfupa mmoja uliobaki. Mjerumani Ernst Koken alianza kuyaeleza kwa utaratibu mwaka 1884. Ikiwa mawe yaliyopatikana ni ya jamii za samaki wa kilindini, bahari ya mahali pale yaelekea ilikuwa na kina kirefu. Yakiwa ya samaki wa mikokoni na midomo ya mito, ufuko ulikuwa karibu.

Jambo la pili ni umri. Jiwe likikatwa na kusuguliwa hadi likawa jembamba, likatazamwa kwa hadubini, huonyesha pete kama zile za mti uliokatwa. Mwaka 1899 Mjerumani Johannes Reibisch alizitumia pete hizo kuhesabu miaka ya samaki wa bahari ya baridi. Mwaka 1971 Giorgio Pannella akaonyesha kwamba ndani ya pete za mwaka zimo pete nyembamba mno za kila siku, ambazo upana wake hupimwa kwa sehemu za elfu za milimita. Kwa njia hiyo mtaalamu aweza kujua samaki aliishi siku ngapi na alikua upesi wakati gani.

Jambo la tatu ni hali ya maji. Oksijeni iliyomo katika chokaa ni ya aina zaidi ya moja. Iko nyepesi iliyo nyingi sana, na nzito iliyo chache. Maji yakiwa baridi, chokaa inayoundwa humo hupokea oksijeni nzito kwa kiasi kikubwa zaidi kuliko maji yakiwa na joto. Harold Urey wa Marekani aliieleza kanuni hii mwaka 1947. Tangu hapo makombe, na baadaye mawe ya masikio ya samaki, yakawa vipimajoto vya bahari ambazo hakuna mtu aliyeziona. Pia kuna madini iitwayo strontiamu, ambayo kwa kawaida huingia zaidi katika jiwe samaki anapokaa baharini kuliko anapokaa mtoni. Mikunga wa Mto Rufiji na Mto Pangani huzaliwa katika Bahari ya Hindi na kukulia mitoni. Jiwe la mkunga wa namna hiyo lina sehemu ya katikati iliyowekwa baharini na sehemu ya nje iliyowekwa katika maji baridi. Kwa samaki huyu mmoja tunapata jibu la maswali yote mawili: ni wa namna gani, na aliishi wapi.

Bahari iliyokuwako kweli

Nchi yetu inayo mahali ambapo bahari ya kale imethibitishwa, nako ni kusini-mashariki. Huko Tendaguru, mkoani Lindi, ambako Wajerumani walichimba mifupa ya dinosau kati ya mwaka 1909 na 1913, matabaka yenye mifupa hiyo yamepishana na matabaka ya mchanga yenye makombe ya chaza wa baharini. Makombe hayo hayakuletwa na mpagazi, kwa maana yamo ndani ya mwamba wenyewe pamoja na vitu vingine vya bahari. Bahari ilikuja, ikarudi, ikaja tena.

Katika udongo wa mfinyanzi wa pwani hiyo hiyo ya kusini vimepatikana pia vigamba vidogo mno vya viumbe waliokuwa wakielea baharini, vilivyohifadhika kama kioo. Mwaka 2001 Paul Pearson na wenzake walipima oksijeni ya vigamba hivyo, wakaona kwamba maji ya juu ya bahari za tropiki katika zama hizo yalikuwa na joto la nyuzi 28 hadi 32 za Selsiasi, na si baridi kama ilivyodhaniwa kutokana na vigamba vilivyoharibika. Kanuni iliyotumika ni ile ile inayotumika kwa jiwe la sikio.

Huo ni mfano mzuri wa tahadhari ambayo mwalimu hana budi kuitaja. Shahidi aliyeharibika husema uongo bila kukusudia. Aragonaiti huyeyuka katika maji yenye asidi, na kwa muda mrefu huweza kugeuka chokaa ya aina nyingine. Hapo kumbukumbu yake hupotea. Samaki mdogo aweza kumezwa na mkubwa na jiwe lake kuachwa mbali na alikoishi. Aidha, katika ziwa linalopoteza maji mengi kwa jua, oksijeni nzito huongezeka majini hata kama joto halikubadilika. Kwa hiyo mtaalamu mwangalifu hategemei jiwe moja, wala kipimo kimoja.

Tabora penyewe hatutazamii kupata mawe ya namna hii ardhini. Matale tunayoyaona kila upande wa mji yalifanyika kabla ya samaki wa kwanza kuwako duniani, miaka zaidi ya milioni 2,500 iliyopita.

Dagaa na safari yao

Turudi kwa dagaa wanaofika Tabora kutoka Kigoma. Nilimwambia yule mtoto kwamba jamaa zao wengi huishi baharini, na jambo hilo ni kweli. Mwaka 2008 Anthony Wilson na wenzake walichunguza urithi wa samaki hao, wakaona kwamba babu zao walitoka baharini, lakini upande wa Afrika Magharibi, wakazoea maji baridi zamani sana, kabla ziwa letu halijakuwako. Vizazi vyao vilisambaa katika mito ya bonde la Kongo, na hatimaye vikafika ziwani. Dagaa, basi, ni kama ile simbi: asili ya bahari anayo, lakini alisafiri. Nayo chumvi ya Uvinza, ambayo watu wameipika kwa zaidi ya miaka elfu moja, haitoshi kuthibitisha bahari, kwani maji ya chini ya ardhi huyeyusha chumvi kutoka katika miamba.

Mawe ya masikio ya dagaa hao yana faida hata leo. Wataalamu wamehesabu pete zake za kila siku, na wakaona kwamba maisha ya dagaa ni mafupi, ya kuhesabiwa kwa miezi. Samaki wa namna hiyo hutegemea sana hali ya maji ya msimu mmoja. Mwaka 2003 Catherine O'Reilly na wenzake walionyesha kwamba maji ya ziwa yamezidi kupata joto, hivyo ya juu hayachanganyiki vema na ya chini yenye rutuba, na chakula cha samaki kimepungua. Mwaka 2016 Andrew Cohen na wenzake walichunguza mabaki ya samaki katika mashapo ya ziwa, wakaona kwamba kupungua kulianza kabla ya uvuvi mkubwa wa kibiashara. Wavuvi peke yao hawakuwa chanzo cha yote, ingawa uvuvi huongeza mzigo. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi katika ziwa hilo tangu 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wapate kuzaliana. Mtoto ambaye baba yake anauza dagaa sokoni ana haki ya kuelewa sababu za jambo kama hilo.

Mfano wa somo

Somo lifuatalo lafaa kwa darasa la tano au la sita, kwa vipindi viwili vinavyofuatana.

Zana: vichwa vya samaki wawili au zaidi wa aina mbalimbali waliochemshwa (sato na sangara wanafaa, kwa kuwa mawe yao huonekana kwa macho), sahani, maji, karatasi nyeusi, rula, lensi ya mkono ikipatikana, na simbi moja au kombe lolote la pwani.

Hatua ya kwanza. Mwalimu awape wanafunzi kombe, aulize: "Likiokotwa hapa shuleni, tunaweza kusema nini kwa hakika? Tusiloweza kusema ni nini?" Majibu yaandikwe ubaoni katika safu mbili. Mwalimu asisahihishe bado.

Hatua ya pili. Mwalimu apasue vichwa mwenyewe kwa urefu, kwani kisu si cha kuchezewa. Vikundi vitafute mawe nyuma ya macho, chini ya ubongo, kulia na kushoto, kisha wayaoshe na kuyaweka juu ya karatasi nyeusi.

Hatua ya tatu. Kila kikundi kichore mawe, kipime urefu wake, na kujaza jedwali: aina ya samaki, urefu wa jiwe, umbo lake. Wanafunzi walinganishe mawe mawili ya samaki mmoja, kisha ya samaki wa aina mbili.

Hatua ya nne. Jiwe liloweshwe na kutazamwa kwa lensi. Katika nchi za joto pete za mwaka mara nyingi hazionekani wazi, na zile za siku haziwezi kuonekana bila hadubini. Mwanafunzi asilazimishwe kuhesabu asichokiona. Akiandika "sikuona pete", ameandika ukweli, naye apewe alama.

Hatua ya tano. Mwalimu aeleze mambo matatu yanayosomwa katika jiwe, kisha arudi kwenye safu mbili za ubaoni. Wanafunzi wenyewe waseme ni lipi wangelibadili sasa, na kwa sababu gani.

Mwisho aulize swali la Ziwa Tanganyika, na awaache wabishane kwa hoja. Kipimo cha mafanikio ya somo ni mwanafunzi kuweza kusema ni ushahidi gani ungemfanya abadili maoni yake. Kukumbuka jina la Moore au la Urey ni jambo dogo.

Mwalimu mtarajiwa, unapotayarisha andalio la somo, jaza safu zote kama ulivyofundishwa. Lakini pembeni ya kila jambo unalotaka kulitangaza darasani, andika kwa kalamu ya risasi swali hili: "Umejuaje?" Pale utakaposhindwa kulijibu, soma zaidi kabla ya kuingia darasani. Na mtoto akikuuliza hivyo mbele ya wenzake, usichukue chaki zako ukaondoka.